ISO ya Auto Ndani ya Modi ya M: Mwongozo Kamili kwa Wapiga Picha wa Kisumu, Kakamega na Nakuru

Mapigano ya mafahali huko Ikolomani, Kakamega, huanza asubuhi na mapema. Ngoma zinalia, vumbi linaanza kupanda, na mwanga bado ni hafifu. Muda si mrefu jua linachomoza na uwanja uleule unang'aa mara nyingi zaidi. Kama umepanga kila kitu kwa mkono, utakuwa unahangaika na magurudumu ya kamera wakati pembe zinagongana. Ukiiachia kamera kila kitu, itakuchagulia kasi ndogo ya shata pale mwanga unapokuwa haba, na fahali atatoka amefutika kiwiliwili kizima. Njia ninayoipendekeza kwa kazi za namna hii iko katikati: kasi ya shata na tundu la lenzi unavishika wewe, ISO, yaani kiwango cha kamera kukuza mwanga uliopokelewa, unaiacha ifuate mwanga.

Kamera nyingi za kisasa zinaweza kufanya hivi. Pentax waliupa mpangilio huu nafasi yake kwenye gurudumu la modi, kwa jina TAv, tangu K10D ya mwaka 2006. Kwenye Canon, Nikon, Sony na Fujifilm unaiweka kamera kwenye M (modi ya kupanga shata na tundu mwenyewe), kisha unaweka ISO kwenye Auto, na umemaliza sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni kujua kamera inafikiri nini inapokuchagulia ISO, na hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Kwa nini ISO ndiyo iachwe huru

Mwanga unaofika kwenye sensa huamuliwa na mambo mawili, ukiacha mwanga wenyewe wa mahali ulipo: muda ambao shata imefunguka, na ukubwa wa tundu la lenzi. ISO haiongezi hata chembe ya mwanga. Inakuza tu kile ambacho sensa imeshapokea, na kama ilipokea kidogo, chenga, yaani vidoadoa kwenye picha, nazo zinaonekana.

Shata na tundu hubadilisha sura ya picha. Shata ndiyo inayoamua kama mabawa ya mdiria anayepiga papo hapo juu ya maji ya Dunga, Kisumu, yataganda au yatakuwa ukungu. Tundu ndilo linaloamua kama mafunjo yaliyo nyuma yake yatasomeka jani kwa jani au yatayeyuka kuwa rangi ya kijani tu. Hayo ni maamuzi ya mpiga picha. ISO, ikibaki ndani ya mipaka inayovumilika, haigusi maana ya picha, kwa hiyo katika hayo matatu ndiyo ya kukabidhi mashine.

Wapo wanaoogopa ISO 3200 kuliko wanavyoogopa kasi ya shata ya 1/60 ya sekunde. Mimi nashikilia kinyume chake. Chenga zinapunguzwa na programu, na kwenye simu ya mteja hazionekani kabisa. Uso wa bibi harusi uliofutika kwa sababu aligeuka wakati shata iko wazi hauna dawa ya kuaminika.

Hatua ya kwanza: chagua kasi ya shata

Anza na mwendo wa kitu unachopiga. Kwa ndege anayeruka, 1/2000 na kuendelea. Mdogo mwenye mabawa ya haraka huhitaji hata 1/3200. Kwa mpira pale uwanja wa Bukhungu, Kakamega, au raga Nakuru, 1/1000. Wachezaji wa isukuti, ngoma ya Waluhya, wanataka 1/500 kama unataka mikono ya wapiga ngoma isimame, au 1/125 kama unapenda mikono ifutike kidogo na nyuso zibaki imara. Watu wanaotembea polepole, 1/250. Mtu aliyekaa anaongea, 1/160 inatosha.

Urefu wa lenzi nao una sauti. Unaposhika kamera mkononi, usishuke chini ya moja juu ya urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 300 isipungue 1/300, na kwenye kamera zenye sensa ndogo ongeza hadi 1/500. Teknolojia ya kutuliza mtikisiko inasaidia mkono wako tu, haimsimamishi mchezaji anayekimbia.

Hatua ya pili: chagua tundu

Hapa nitapita haraka. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. f/2.8 au chini yake kwa uso mmoja na mandhari ya nyuma iliyoyeyuka. F/4 hadi f/5.6 kwa watu wawili watatu. F/8 kwa ukoo mzima uliojipanga mistari mitatu mbele ya nyumba. Lenzi ndefu za bei ya wastani nyingi huanzia f/5.6 au f/6.3 zikivutwa hadi mwisho, kwa hiyo kwa ndege huna uchaguzi mwingi: fungua hadi mwisho wake.

Hatua ya tatu: weka mipaka ya ISO

Ingia kwenye menyu, sehemu ya mipangilio ya ISO. Utakuta kiwango cha juu na, kwa kamera nyingi, kiwango cha chini. Cha chini kiache 100, au namba ndogo kabisa ya kawaida ya kamera yako.

Wenye Nikon za DSLR (kamera zenye kioo cha kuakisi ndani) wawe makini na jambo moja. ISO uliyoiweka kwa mkono ndiyo inayogeuka kuwa kiwango cha chini Auto inapowashwa. Kama jana usiku uliacha ISO 1600 ukiwa unapiga mashua za wavuvi wa omena na taa zao ziwani, leo mchana kamera haitashuka chini ya 1600 na utapata picha nyeupe pee. Irudishe 100 kwanza, ndipo uwashe Auto.

Kwenye menyu hiyohiyo kuna pia kasi ya chini ya shata. Usijisumbue nayo. Inafanya kazi unapotumia modi ambazo kamera ndiyo inayochagua shata. Ukiwa kwenye M, shata ni yako na kamera haiigusi.

Kiwango cha juu usikichukue kwa rafiki wala kwa video ya mtandaoni, kipime mwenyewe. Jioni ukiwa sebuleni na taa ya kawaida, piga kitu chenye rangi nyeusi na chenye maandishi kwa ISO 1600, 3200, 6400 na 12800. Usiziangalie picha kwenye kioo cha kamera. Zifungue kwenye kompyuta, uzipunguze hadi ukubwa utakaowapa wateja. Kazi ya WhatsApp na Facebook inavumilia ISO kubwa kuliko albamu ya harusi itakayochapishwa kwa kurasa kubwa. Kwa kamera zenye sensa ya APS-C (ndogo kuliko fremu kamili), ambazo ndizo nyingi mitaani kwetu, kuanzia na 6400 ni busara. Yenye sensa kubwa ya fremu kamili inakuongezea zaidi kidogo ya hatua moja (kila hatua ni mwanga maradufu au nusu), yaani 12800 hivi kwa usafi unaokaribiana.

Hatua ya nne: hakikisha kamera ina pa kushukia

Hili ndilo linaloharibu picha nyingi za mpangilio huu, na hutokea mchana wa jua kali, siyo usiku. ISO ya Auto inapanda na kushuka, lakini haiwezi kupita sakafu. Chukua f/4 na 1/500 katika jua la saa saba mchana Kisumu. Kwa mwanga huo, f/4 na ISO 100 huhitaji takriban 1/2000. Wewe umeiacha shata wazi mara nne ya muda huo, kamera imeshuka hadi ISO 100, haina pengine pa kwenda, na picha inatoka imeungua hatua mbili nzima.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, elekeza kamera mahali penye mwanga mkali kuliko pote utakapofanyia kazi, usome ISO. Ikionyesha 100 na mshale wa kipima mwanga umekaa upande wa kuzidi, au namba ya ISO inapepesa, ongeza kasi ya shata au ziba tundu mpaka ISO ianze kupanda kidogo, tuseme 125 au 200. Kisha elekeza mahali penye giza kuliko pote. Ikigonga kiwango cha juu na mshale ukaenda upande wa kupungua, fungua tundu au punguza kasi.

Chukua harusi ya hema. Bibi harusi anashuka garini juani, anasindikizwa hadi chini ya hema jeupe. Kwa f/5.6 na 1/1000, juani ISO itakaa karibu na 100, na chini ya hema itapanda kuelekea 1000 au zaidi kidogo. Hugusi kitu, mwanga wa picha unabaki uleule, na jicho lako linabaki kwenye nyuso. Lakini ukiingia na mpangilio huohuo kwenye kanisa la madirisha madogo, kamera itadai ISO 25600. Mlangoni pale badilisha: f/2.8, 1/200, na ISO itarudi kwenye 1250 au hapo karibu. Kwenye kamera zinazoruhusu kuhifadhi mipangilio, C1 na C2 au U1 na U2, weka wa nje kwenye kimoja na wa ndani kwenye kingine. Ukifika mlangoni unageuza gurudumu mara moja tu.

Hatua ya tano: fidia ya mwanga, ambayo ndiyo usukani wako

Ukishaiachia kamera ISO, umeiachia pia uamuzi wa picha iwe angavu kiasi gani. Kamera haijui inatazama nini. Inajaribu kuifikisha kila fremu kwenye mwangaza wa wastani, kijivu cha katikati. Ikiona giza inapandisha ISO, ikiona weupe inashusha. Wewe unairekebisha kwa fidia ya mwanga, kile kitufe cha +/− au gurudumu lenye namba kuanzia −3 hadi +3. Kwenye M yenye ISO ya Auto, fidia inasogeza ISO peke yake. Shata na tundu havitikisiki.

Mifano ya huku kwetu inafundisha vizuri kuliko kanuni.

Yangeyange mweupe amesimama mbele ya mafunjo yenye kivuli. Sehemu kubwa ya fremu ni giza, kamera inapandisha ISO ili mafunjo yaonekane, na manyoya ya ndege yanakuwa doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Weka −1. Ukitazama picha tena, utaona mistari ya manyoya kifuani na mafunjo yamerudi kwenye giza lake.

Ndege huyohuyo akiruka na nyuma yake ikawa anga jeupe la mawingu, mambo yanageuka. Sasa kamera inaona weupe kila mahali, inashusha ISO, na ndege anatoka wa kijivu. Weka +0.7 au +1.

Mbega wa msitu wa Kakamega ni mtihani wa peke yake: mwili mweusi, mkia na mashada ya manyoya meupe, halafu amekaa juu kwenye tawi huku anga likitoboa majani nyuma yake. Anga likiwa sehemu kubwa ya fremu, uso wake utakuwa kisiki cheusi. Nenda +1.3 hadi +2 na ukubali anga liungue. Uso ndio ulioujia. Akishuka chini kwenye kivuli kizito, geuza iwe −0.7, kwa sababu sasa weusi umetawala na mkia wake mweupe ndio ulio hatarini.

Fahali mweusi akijaza fremu, −0.7. Mtu mwenye ngozi nyeusi akiwa amesimama na ziwa linalometameta nyuma yake, +1 hadi +1.7, na uangalie uso kwenye kioo, usiangalie maji. Tumewaona ndugu zetu wengi mno wamegeuzwa vivuli kwenye picha za Hippo Point, pale ufukweni Kisumu, kwa sababu tu mpiga picha aliamini kipima mwanga.

Kuhusu Hippo Point na machweo: tuko karibu na ikweta, jua linazama wima, na baada ya kuzama una dakika 20 tu hivi kabla giza halijashika. Katika dakika hizo ISO ya Auto itapanda mfululizo ikijaribu kufanya magharibi ionekane kama alasiri. Rangi ya machungwa inapauka na anga linakuwa jepesi. Kwa hiyo kadiri giza linavyoingia, punguza fidia: −0.7 jua likigusa maji, −1 au −1.3 anga linapogeuka zambarau. Giza la jioni ni sehemu ya picha, usiiruhusu kamera ilifute.

Kuna kamera ambazo fidia haifanyi kazi kwenye M yenye ISO ya Auto, hasa baadhi ya Canon za zamani za kiwango cha kuanzia. Jaribu yako: weka M na Auto, kisha utafute fidia. Isipokubali, tazama kama kamera yako inaweza kufunga ISO kwa kitufe cha nyota: elekeza kwenye kitu cha mwangaza wa wastani kilicho kwenye mwanga uleule, kama nyasi mbichi au lami iliyochakaa, bonyeza nyota, rudi kwa mlengwa, piga. Na kama hata hilo halipo, bora uweke ISO kwa mkono mwanga unapotulia.

Hatua ya sita: namna ya kupima

Tumia upimaji wa fremu nzima kwa kazi nyingi. Upimaji wa nukta moja una sifa nzuri kwa walioweka ISO kwa mkono, lakini ukiuchanganya na ISO ya Auto unakuwa na wasiwasi mwingi: nukta ikitoka kwenye shati jeupe la mchezaji na kuangukia bukta nyeusi, ISO inaruka hatua tatu kati ya picha mbili zilizofuatana. Wenye kamera zenye upimaji unaolinda sehemu angavu wautumie kwa gauni la bibi harusi na kwa ndege weupe, wakijua picha zitatoka nyeusi kidogo na zitahitaji kuinuliwa baadaye.

Piga RAW, yaani faili ghafi la sensa ambalo kamera haijalichakata. Kwenye RAW, kivuli kilichozidi hatua moja kinainuka bila shida kubwa, lakini weupe ulioungua haurudi. Ukiwa na shaka kati ya kuzidisha na kupunguza, punguza.

Uwanjani

Mechi za saa tisa alasiri zina tatizo la kivuli: jukwaa linafunika sehemu ya uwanja na kivuli kinazidi kusogea. Winga anatoka juani na kuingia kivulini katika hatua tano za kukimbia. Weka 1/1000, tundu wazi kadiri lenzi inavyoruhusu bila kugonga sakafu ya ISO juani, upimaji wa fremu nzima, fidia sifuri. Hapa ndipo mpangilio huu unapolipa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kuzungusha gurudumu kwa kasi ya mpira.

Asubuhi ya mafahali, anza na f/4 na 1/1000 kama lenzi yako inafika huko. Kabla jua halijatoka ISO itakuwa karibu 3200, na jua likishika uwanja itateremka yenyewe hadi 200 au 100. Ikifika 100, huo ndio wakati wa kuongeza shata hadi 1/2000. Simama nyuma ya watu wanaowajua wale mafahali, si mbele yao; hakuna picha inayostahili ukanyagwe kwa ajili yake.

Ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru unapiga kutoka garini, na barabara inapita chini ya migunga ambapo jua na kivuli vinapishana kila mita chache. Uweke 1/1000 na f/5.6 au f/6.3 kwa wanyama wanaotembea, na uwe na kidole tayari kwenye gurudumu la shata kwa ajili ya ndege. Faru aliyejigaragaza kwenye matope makavu ana rangi inayokaribia kijivu cha katikati, kwa hiyo kwake fidia sifuri inafaa. Flamingo, wakiwepo, wanataka umakini: maji ya ziwa yalipopanda miaka iliyopita makundi mengi yalihamia maziwa mengine kama Bogoria, lakini unapowapata, waridi lao hupauka haraka ukizidisha mwanga. −0.3 hadi −0.7 inalinda rangi.

Wakati wa kuizima

Mpangilio huu ni wa mwanga unaobadilika. Mwanga ukitulia, ISO ya Auto inaanza kuleta usumbufu, kwani inayumba kwa kufuata nguo za watu badala ya kufuata mwanga. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akijaza fremu ISO inapanda. Bibi harusi mwenye gauni jeupe akiingia, inashuka. Na ukifungua picha kwenye kompyuta unakuta nyuso zile zile zina mwangaza tofauti katika kila moja. Wakishakaa mbele ya madhabahu na taa hazibadiliki, tazama ISO ambayo kamera imekuwa ikichagua uso unapotoka vizuri, iandike kichwani, kisha uiweke kwa mkono. Kazi ya kuhariri itapungua sana.

Izime pia ukiwasha flashi. Kila kampuni imeipangia ISO ya Auto tabia yake flashi ikiwa juu, na nguvu ya flashi inayojipima na ISO inayojipanga ni madereva wawili kwenye gari moja. ISO 400 au 800 ya mkono itakupa matokeo yanayotabirika. Izime ukiwa kwenye stendi unapiga mandhari ya kreta ya Menengai, ukiunganisha picha kadhaa kuwa moja pana, na studioni.

Taa za LED na za mirija ukumbini zinahitaji neno. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa 1/500 utapata fremu moja angavu na inayofuata ya giza, au michirizi ya rangi, na ISO ya Auto itahangaika ikiifuata. Rudi 1/100 au 1/50, au washa kinga ya mpepeso kama kamera inayo.

Ukimaliza kazi, rudisha fidia kwenye sifuri kabla hujazima kamera, kwa sababu kamera nyingi hazifuti fidia zinapozimwa, na −1.3 ya machweo ya jana itakufuata hadi kwenye ubatizo wa kesho asubuhi.